Mabakuli manne ya tambi na tui: ukiwa na nazi mbili, upike lipi?

Pwani kwetu, tui likikatika mpishi huona haya. Ataanza kutafuta visingizio: moto ulikuwa mkali, nazi yenyewe ilikuwa koroma, mgeni alibisha hodi wakati mbaya. Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, mpishi wa khao soi hulikata tui kwa makusudi, na asipolikata hujihesabu kuwa hajaanza kupika. Yangon, Burma, nako, mpishi wa ohn no khao swè hutia unga wa dengu, na tui lake hukaa limeshikamana asubuhi nzima juu ya moto mdogo. Ukiyaona mabakuli hayo kwenye picha utadhani ni mapacha: mchuzi wa manjano, tambi, nyama ya kuku, kipande cha ndimu pembeni. Sufuriani hawajuani kabisa.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kupika au kuagiza supu ya namna hii na hajui aanzie wapi. Nimeweka nne: ohn no khao swè ya Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar, khao soi ya Chiang Mai, laksa ya nazi ya Malaysia na Singapore, na khausa ya Wamemoni, Waislamu wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, ambayo ni ile ya Burma baada ya kuhamishwa na watu mpaka Karachi na Mumbai. Kwa mwenye haraka jibu langu ni hili. Mara ya kwanza nyumbani, pika ya Burma. Ukiwa na wageni kumi na zaidi, pika ya Wamemoni. Khao soi ni ya siku ambayo una kinu, una nafasi na una hamu ya kutwanga. Laksa isubiri safari, na nitaeleza kwa nini.

Ukoo wa unga na ukoo wa kinu

Wengi huzilinganisha supu hizi kwa tambi au kwa nyama. Njia hiyo haikufikishi mbali, maana vyote viwili hubadilika nyumba hadi nyumba. Swali la maana ni moja tu: mchuzi umeshikwa na nini?

Katika ukoo wa unga, vitunguu vingi hukaangwa taratibu, kuku akaingia, supu ikaingia, kisha unga wa dengu uliovurugwa kwa maji. Uzito wote unatoka kwenye unga. Tui linaleta utamu na ulaini, na viungo vyenyewe ni vichache. Burma na Wamemoni wako humo.

Katika ukoo wa kinu hakuna unga. Viungo vibichi na vikavu hutwangwa pamoja mpaka vilainike, kisha hukaangwa kwa subira hadi harufu ya ubichi iishe, ndipo tui limiminwe. Mchuzi hubaki mwepesi, na juu huelea mafuta mekundu ambayo mpishi anayaonea fahari. Khao soi na laksa ni wa huku.

Kuna kipimo kidogo unachoweza kukifanya mezani, hata kama hoteli imeandika jina ovyo kwenye orodha yake. Chovya kijiko, kiinue, kitazame mgongo. Ukiona utando kama wa uji mwepesi, huo ni unga wa dengu. Mchuzi ukiteleza wote na kuacha matone ya mafuta ya rangi ya chungwa, kinu kimefanya kazi.

Ohn no khao swè: nazi ya pwani, dengu za nchi kavu

Jina linajieleza lenyewe. Ohn ni nazi, no ni maziwa, khao swè ni tambi: tambi za tui. Lakini usidhani Burma nzima inapikia nazi kama Tanga au Lamu. Mchuzi wao wa kila siku huanzia kwenye kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, manjano na pilipili ya unga, vikikaangwa hadi maji yakauke na mafuta yajitenge juu. Hali hiyo wenyewe huiita si byan, yaani mafuta yamerudi, na kabla hayajarudi hakuna anayepakua. Tui halimo. Nazi huwekwa kwa vyakula maalumu: wali wa nazi, vitamutamu, na supu hii. Wapo hata wanaoiogopa, wakisema tui linapandisha presha, na wapishi wengine hulipunguza kwa maziwa ya kopo.

Kinachonivutia ni jinsi bakuli hili lilivyoziunganisha Burma mbili. Minazi iko kusini, kwenye pwani na delta ya mto Ayeyarwady, kwenye mvua na matope. Dengu hulimwa katikati ya nchi, ukanda mkavu wa Magway, Mandalay na Sagaing. Tambi za ngano zilikuja na Wachina, na unga wa dengu jikoni una mkono wa Kihindi ndani yake. Ukiweka kijiko mdomoni umekula ramani ya nchi yenyewe pamoja na majirani zake wawili wakubwa.

Ladha yake ni ya upole. Hakuna bizari nyembamba ya maana, hakuna mdalasini, hakuna karafuu. Unachokipata ni utamu wa kitunguu kilichoyeyuka, tui nyuma yake, chumvi ya sosi ya samaki kwa mbali, na ile harufu ya dengu iliyokaribia kuwa ya karanga. Akionja mtu wa pilau atasema haijakolea. Mwache kwanza, kwa sababu supu hii humalizikia mezani. Huja na visahani: kitunguu kibichi kilichokatwa nyembamba na kuoshwa, ndimu, pilipili kavu iliyokaangwa kwa mafuta, kotimiri, yai la kuchemsha, tambi za kukaanga zilizovunjwavunjwa, au bajia nyembamba za dengu ziitwazo pe kyaw. Mlaji hujitilia mwenyewe, na mabakuli mawili kwenye meza moja hayafanani.

Aliyekulia na urojo wa Unguja haelezwi sana. Mchuzi wa manjano ulioshikwa na unga, ukali wa ndimu, bajia ambazo nusu zimelowa na nusu bado zinalia kwenye meno: tunajua. Sidai kwamba hizi mbili ni ndugu. Nasema tu kwamba mdomo wa Mzanzibari utalielewa bakuli hili kwa kijiko cha kwanza, na hilo ni moja ya sababu za kuanza nalo.

Tahadhari moja kwa msafiri. Ukifika Yangon chakula utakachokutana nacho kila kona asubuhi ni mohinga, supu ya kambale yenye mchaichai, shina changa la mgomba na tambi nyembamba za mchele. Nayo hushikwa na unga wa dengu au wa mchele uliokaangwa, na kwa macho inaweza kukudanganya. Haina nazi. Ukitaka nazi, tamka ohn no waziwazi. Na ukiwa Mandalay kuna jamaa mwingine mkavu, nan gyi thoke: tambi nene za mchele zilizochanganywa kwa mkono na mchuzi wa kuku na unga wa dengu. Kwangu mimi huyo ndiye mtamu kuliko wote, ila hana supu, kwa hiyo leo hahusiki.

Huenda wengine mmesikia jina la Burma kwa mara ya kwanza kutoka kwa wazee wa keya. Ni kweli kwamba askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Tanganyika na Uganda walipigana huko, na mwaka 1944 walishuka Bonde la Kabaw kwenye masika wakielekea mto Chindwin. Lakini huko ni milimani, mbali na minazi, na walikula posho ya jeshi. Supu hii haikufika kwetu kwa mlango huo. Ilipita mlango mwingine, tutaufikia.

Khao soi: jina lilipita njia moja, nazi ikapita nyingine

Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba khao soi ni mtoto wa ohn no khao swè. Majina yanakaribiana, na Chiang Mai ilikuwa chini ya wafalme wa Burma kuanzia 1558 kwa zaidi ya miaka 200. Nimeisikia mara nyingi na siimezi nzima. Khao soi ya zamani haikuwa na tui.

Ilikuwa tambi na mchuzi wa nyama wa Waislamu wa Yunnan, jimbo la kusini magharibi mwa China, wachuuzi walioongoza misafara ya nyumbu kuvuka milima kati ya Yunnan, nchi ya Washan huko mashariki mwa Burma, na Chiang Mai, wengine wakiteremka hadi Mawlamyine, bandari ya Burma. Uasi wa Waislamu wa Yunnan, ulioanza 1856, ulipozimwa mwaka 1873, wengi wao walikimbilia kusini. Thailand huitwa Chin Ho, Burma huitwa Panthay, na hadi leo Burma kuna tambi za Panthay, za kuku na viungo, zinazouzwa kama chakula halali. Chiang Mai kwenyewe, mitaa ya msikiti wa Ban Ho, upo mgahawa uitwao Khao Soi Islam, na Ijumaa asubuhi Wayunnan hufanya soko lao karibu na msikiti huo. Ndiyo maana khao soi ya asili ni ya kuku au ng'ombe, katika nchi ambayo nguruwe yuko kila mahali. Tui lilikuja kuongezwa katika karne ya 20, na likakaa. Ukivuka mpaka kuingia Laos utapewa khao soi isiyo na tone la nazi: tambi za mchele, na juu yake nyama ya kusaga iliyopikwa na nyanya na soya iliyochachushwa. Jina ni lile lile, chakula kingine.

Sasa jikoni. Kinu hupokea pilipili kavu, vitunguu vidogo vyekundu, kitunguu saumu, tangawizi, manjano, mbegu za giligilani, iliki nyeusi na bizari ya mchuzi. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, peke yake huwekwa kwenye karai na kuachwa ichemke mpaka ikatike, mafuta yatoke na yaanze kung'aa. Humo ndimo viungo hukaangwa. Kisha huingia mapaja ya kuku, halafu tui la pili. Tambi ni bapa, za ngano na mayai, na hupikwa mara mbili: nyingi huchemshwa na kuwekwa chini, chache hukaangwa na kuwekwa juu kama kiota. Pembeni huja majani ya haradali yaliyochachushwa, vitunguu vidogo vibichi, ndimu, na pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta hadi ikakaribia kuwa nyeusi.

Yale majani ya haradali ukiyakosa, umekosa mengi. Mchuzi huu una mafuta kwelikweli, na bila kitu kikali cha kukata mafuta hayo utachoka katikati ya bakuli. Achari ya ndimu haifai, ina chumvi nyingi na harufu yake inatawala. Kabichi iliyokatwa, ikakandwa kwa chumvi na siki na kulala usiku mmoja, inasaidia, ingawa haifiki.

Na kuna mtego ambao umewanasa wengi. Tui la pakiti mara nyingi huwa na dawa za kulizuia lisikatike. Unasimama mbele ya karai nusu saa, linachemka tu na kuwa zito, mafuta hayatoki. Tumia nazi ya kukuna, au ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia ukaange viungo humo na usonge mbele. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kulilaumu tui kwa kukataa kukatika.

Laksa: bakuli la laki

Asili ya neno laksa ina mabishano. Wapo wanaolirudisha kwenye neno la Kiajemi la tambi. Wengine wanasema ni laksha ya Kisanskriti, yaani 100,000, kwa wingi wa nyuzi za tambi au wa viungo. Ni neno lile lile lililozaa lakh ya Kihindi na laki yetu. Nikitazama orodha ya vitu vyake, naegemea upande wa laki.

Ilizaliwa kwenye bandari za Mlango-Bahari wa Malaka: Melaka, Penang, Singapore. Wafanyabiashara wa Kichina walioa wenyeji, na watoto wao, Waperanakan, wakapika kwa mikono miwili, tambi za baba na kinu cha mama. Na kinu hicho kina mzigo: pilipili mbichi na kavu, vitunguu vidogo, mchaichai, khulinjani (ile jamaa ya tangawizi yenye harufu ya dawa), manjano, kokwa zenye mafuta za kuushika mchuzi, uduvi wakavu, na belacan, yaani kamba waliosagwa na kuchachushwa mpaka wakawa tofali jeusi. Ndani ya bakuli huingia kamba, kombe, vipande vya tofu iliyokaangwa ikavimba na kunyonya mchuzi kama sifongo, na juu majani ya laksa yaliyokatwakatwa. Mtaa wa Katong, Singapore, tambi hukatwa fupi ili ule kwa kijiko peke yake.

Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote nne. Ya Burma inanong'ona. Laksa inakuja na bahari yake, na harufu ya belacan ikikaangwa huingia kwenye pazia, kwenye nguo na kwa jirani.

Kinachonifanya niseme isubiri safari si ugumu wa kutwanga. Ni yale majani. Yana ukali wa pilipili na harufu inayokaribia ya limau, na sijapata mbadala wake. Kotimiri na nanaa huleta rangi ya kijani tu. Bila majani hayo na belacan umepika mchuzi wa kamba wa nazi ukautia tambi. Utakuwa mtamu, nao tunao uduvi na kamba wa kutosha pwani hii, lakini uite kwa jina lake.

Ukisafiri, jua pia kwamba laksa si moja. Penang ukiagiza laksa bila kufafanua utaletewa ya ukwaju, supu ya samaki iliyochachuka isiyo na nazi hata kidogo. Inapendwa sana na ina haki ya kupendwa, ila si hii. Ya nazi huko huitwa curry mee, na wauzaji wa Kichina mara nyingi huitia vipande vya damu ya nguruwe iliyogandishwa. Kwa Mwislamu, tafuta kibanda cha Wamalei au chenye alama ya halali kabla hujavuta kiti.

Khausa: ile iliyotoka Rangoon na mabegi

Miaka ya 1930 zaidi ya nusu ya wakazi wa Rangoon, Yangon ya leo, walikuwa na asili ya Bara Hindi. Wamemoni, Waismailia na Wagujarati wengine walikuwa na maduka, Watelugu walikuwa bandarini, Watamil walikuwa kwenye biashara ya fedha. Mwaka 1942 Wajapani walipoivamia Burma, mamia ya maelfu ya watu hao waliondoka, wengi kwa miguu kupitia misitu na milima, na wasiohesabika walifia njiani. Wengine walirudi baada ya vita. Kisha jenerali Ne Win akapindua serikali mwaka 1962, na mwaka 1964 maduka yakataifishwa. Safari hii walioondoka hawakurudi. Waliofika Karachi na Mumbai walifika na ulimi wa Burma, na Watamil waliotua Chennai walianzisha vibanda vya tambi ziitwazo atho kwenye soko ambalo hadi leo linaitwa Burma Bazaar.

Kwa Wamemoni jina likawa khausa, kwa wengine khow suey. Na hapa ndipo ule mlango niliousema. Familia za Kathiawar, rasi ya Gujarat, zilizopeleka mtoto mmoja Rangoon ndizo zilizopeleka mwingine Mombasa au Durban. Ukiwa na jirani Mmemoni, mwulize khausa; inawezekana amewahi kukualika na wewe ukadhani ni spageti za mchuzi wa nazi alizozibuni mwenyewe.

Kilichobadilika njiani ni kingi. Sosi ya samaki iliachwa. Nyama, ya kuku au ng'ombe, hupikwa peke yake kama mchuzi mzito wenye masala na nyanya. Tui na unga wa dengu hupikwa kwenye sufuria ya pili, wengine wakitia na mtindi, kama kadhi, ule mchuzi wa Kihindi wa mtindi na unga wa dengu. Tambi ni spageti za dukani. Halafu mapambo: manda za sambusa zilizokatwa nyembamba na kukaangwa, krispi za viazi, kitunguu saumu cha kukaanga, pilipili ya mafuta, yai, kotimiri, ndimu, chat masala. Hupangwa kwa tabaka kwenye sahani ya kina, na kila mtu anavuta anachotaka.

Wapenda asili huikunjia uso. Mimi nina lawama moja tu, nayo si ya asili: krispi zikizidi, unakula krispi. Ukiwa na adabu ya mkono, ni chakula kizuri mno cha wageni, kwa sababu kila sehemu inaweza kupikwa tangu asubuhi na kukutanishwa jioni.

Zikiwekwa meza moja

Kwa kazi, ya Burma ni saa moja na nusu hivi. Khausa ni sufuria tatu, lakini hakuna iliyo ngumu. Khao soi inadai kinu, karai na macho yasiyoondoka kwenye moto. Laksa inadai siku, na nusu yake ni ya kutafuta vitu.

Kwa watoto na wazee wasiopenda pilipili sihitaji kufikiri: ya Burma, maana pilipili iko kwenye kisahani. Khausa inakuja ya pili, ukiitengeneza nyama bila ukali. Khao soi na laksa ukali wake umeshakaangwa ndani, hautoki.

Asiyekula kamba au samaki wa maganda akae mbali na laksa kabisa. Ya Burma ina sosi ya samaki, ambayo unaweza kuiacha na kutia chumvi. Itapungua kidogo, haitaharibika. Khausa haina shida hiyo. Asiyekula ngano ndiye mwenye tabu: tatu kati ya hizi ni za ngano. Laksa hutumia tambi za mchele, na ya Burma inakubali tambi za mchele bila kinyongo.

Kwa upatikanaji hapa kwetu, vitu vyote vya ohn no khao swè na khausa viko sokoni na kwenye duka la Mhindi. Unga wa dengu ni ule ule wa bajia.

Kama unachagua ya kula safarini badala ya kupika, geuza ushauri wangu juu chini. Huko kula zile usizoweza kuzipika vizuri nyumbani: laksa Singapore, khao soi Chiang Mai. Yangon kula mohinga asubuhi, na ohn no khao swè ikitokea.

Ya Burma kwa watu sita

Chukua kuku mmoja wa kilo moja na robo hivi. Wa kienyeji anatoa supu nzuri zaidi, ila mwongezee saa moja ya moto. Mchemshe kwa lita 2 za maji na chumvi, mtoe, mchambue nyama, mifupa irudi kwenye supu iendelee.

Saga vitunguu maji vitatu vikubwa na punje sita za kitunguu saumu na tangawizi ya kidole. Kaanga kwa mafuta ya kutosha, usiogope, na kijiko cha chai cha manjano na vijiko viwili vya pilipili isiyo kali, ile ya kuleta rangi. Usikimbie hapa. Dakika 20 moto mdogo, mpaka mafuta yarudi. Ladha yote ya bakuli iko kwenye dakika hizo, na mwenye haraka hulaumu mapishi baadaye. Tia nyama, ikoroge ipate viungo.

Kaanga vijiko vitano vya mezani vya unga wa dengu kwenye kikaango kikavu mpaka harufu ipande, uache upoe, uuvuruge kwa kikombe cha maji baridi, uuchuje kwa chujio. Ukiutia mkavu kwenye supu ya moto utapata madonge na hayavunjiki. Chuja supu, changanya na nyama, mimina unga huku ukikoroga, acha dakika 20 mpaka ubichi wa dengu uishe. Onja: ukihisi ulimi unaparuza, bado.

Nazi mbili. Tui la pili liingie mapema, kasimile iingie mwishoni, dakika kumi kabla ya kuepua, bila mfuniko. Sosi ya samaki vijiko viwili au vitatu. Supu iwe nyepesi kuliko unavyotaka, kwa sababu ikifika kwenye tambi itajibana.

Tambi za mayai gramu 500: chemsha nyingi, kaanga mkono mmoja. Panga visahani mezani, ndimu zisipungue tatu. Sehemu ya yai wengine huona ni pambo. Mimi naona kiini kikivunjika kwenye mchuzi ndipo kazi inapokamilika.

Kiporo chake usikihifadhi pamoja na tambi, zitanyonya yote na asubuhi utakuta bokoboko. Supu peke yake ikilala itaganda kama uji. Iongezee maji ya moto, usiiongezee tui, na uionje chumvi upya kabla ya kuchemsha tambi mpya.